Ukiwa na Datsun 240Z Nyumbani, Jumatatu Uendeshe Gari Gani?

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, akiwa na Lofty Drews, akashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Mtu akiijua historia hiyo hudhani kwamba gari lililomaliza Safari, likapita kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki, haliwezi kushindwa na safari ya kutoka Westlands hadi Upper Hill jijini Nairobi. Linaweza kushindwa vizuri sana. Magari yale ya mashindano yalisubiriwa njiani na mafundi wenye spea, mafuta na tairi. Lako linakusubiri wewe peke yako, pamoja na namba ya fundi ambaye Jumatatu asubuhi hapokei simu.

Ndiyo sababu mwenye gari la spoti la zamani, liwe Datsun, MGB, Alfa Romeo Spider au Porsche 911 ya miaka ya sabini, anahitaji gari la pili la kumpeleka kazini, sokoni na shuleni kwa watoto. Wengi hulichagua vibaya kwa sababu moja kati ya mbili. Wapo wanaonunua gari jingine la kujivunia, wakaishia kuwa na wagonjwa wawili. Wapo wengine wanaomaliza pesa zote kwenye gari la zamani, kisha wananunua chochote kilichobaki yadi. Ushauri wangu ni kulichagua gari la kila siku kama kikosi cha mashindano kinavyochagua gari la huduma: liwe na kila kitu ambacho lile la kwanza halina, na lisiwe na tamaa ya kushindana nalo.

Kabla ya kwenda yadi, basi, chukua karatasi uandike mambo ambayo gari lako la zamani haliwezi au halipaswi kufanya. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia gari.

Foleni ndiyo ya kwanza

Katika magari mengi ya miaka ya sitini na sabini, feni ya radieta huzungushwa na injini yenyewe. Gari likisimama foleni, injini inazunguka polepole, feni nayo polepole, na hewa inayopita kwenye radieta inakuwa ndogo wakati ambapo inahitajika zaidi. Mshale wa joto unaanza kupanda. Ukifungua vioo na kuwasha hita ili kuondoa joto kwenye injini, unapata nafuu kidogo, lakini shati lako la ofisini linalowa.

Halafu kuna petroli yenyewe. Kwenye karibureta na mabomba yaliyo karibu na injini, petroli ikipata joto hugeuka mvuke kabla ya kufika inakotakiwa, na injini inazima au inakataa kuwaka tena. 240Z inajulikana duniani kote kwa tabia hiyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko juu petroli huchemka kwa urahisi zaidi kuliko Mombasa. Injini isiyo na turbo pia hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mzito. Fundi akiurekebisha ukae sawa Nairobi, ukiteremka Pwani unakuwa mwepesi mno na injini inachemka haraka. Gari la kisasa lenye kompyuta ya kupima hewa na petroli hufanya marekebisho hayo lenyewe, wala hujui kulikuwa na tatizo.

Kwa hiyo sharti la kwanza la gari la kila siku ni kwamba liweze kukaa foleni saa nzima, kiyoyozi kikiwaka, bila wewe kuutazama mshale wa joto hata mara moja. Na liwe la gia otomatiki. Wapenzi wa magari ya kale husema otomatiki ni ya wavivu. Waache waseme; klachi utaikanyaga Jumapili, kwa raha zako.

Sharti la pili: spea mtaa wa jirani

Hapa ndipo Toyota Probox inapoingia, na najua wapo watakaocheka. Ni gari la boksi, lilitengenezwa Japani kuanzia 2002 kwa ajili ya makampuni ya kusambaza bidhaa, na Kenya linajulikana zaidi kwa kusafirisha miraa kwa mwendo usiofaa kuigwa. Lakini litazame kwa macho ya mtu mwenye 240Z gerejini. Injini yake ya lita 1.5 ni ile ile iliyowekwa kwenye Vitz, Fielder, ist na Ractis za miaka hiyo. Kichujio, plagi, pampu ya maji, bushi na shokomzoba zake zinapatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam, na katika mji wowote mdogo wenye duka la spea. Injini hiyo inatumia cheni mahali pa mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita fulani. Fundi wa jua kali anaifahamu bila kusoma kitabu.

Wewe unayengoja gasketi kutoka Uingereza kwa wiki kadhaa, au uliyewahi kumwomba binamu aliyeko Dubai atafute kifaa cha karibureta, unaelewa raha ya kuingia dukani, kutaja jina la gari, na kutoka na kifaa mkononi. Raha hiyo ina thamani kuliko viti vya ngozi.

Tena Probox lina sakafu ya mizigo yenye urefu unaozidi mita 1.8 viti vya nyuma vikilazwa, na limepimwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Gia boksi ya MGB inaingia. Kichwa cha injini kinachopelekwa kuchongwa kinaingia. Tairi nne na jeki vinaingia, na nafasi inabaki. Ukiwa na gari la zamani utakuwa unabeba vyuma vichafu vyenye grisi mara nyingi kuliko unavyofikiri, na hutaki kuvibeba kwenye zulia la gari unalolionea huruma.

Kama familia ni kubwa au barabara ya nyumbani ni mbaya, yapo mengine ya kufikiria. Fielder linabeba familia kwa starehe zaidi, na injini ni ile ile. Subaru Forester lina nafasi na linavuta magurudumu yote, jambo linalosaidia mvua za masika zikianza kwenye barabara ya udongo. Lakini huku Kenya Subaru ni mtego kwa watu wa aina yetu. Utaenda kutafuta Forester ya kawaida, muuzaji atakuonyesha yenye turbo, na utajiambia kwamba tofauti ya bei ni ndogo. Kataa. Gari la spoti unalo tayari. Ukichukua Forester ya miaka ya kabla ya 2010, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Usipopata jibu lenye risiti, hesabu gharama ya kuubadilisha ndani ya bei, kwa sababu mkanda huo una mwisho wake, karibu kilomita 100,000.

Na Peugeot? Swali hili huulizwa na watu wa umri fulani, na nalielewa. Peugeot 404 ilishinda Safari mara nne katika miaka ya sitini, ikiwemo 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. 504 ikafuata kwa ushindi wa 1975 na 1978. Yalikuwa magari ya kila siku ya maelfu ya watu hapa kwetu, matatu na teksi pamoja. Enzo Ferrari mwenyewe, ambaye angeweza kuchukua gari lolote kiwandani kwake Maranello, alijiendesha katika 404, na baadaye katika Fiat 128. Funzo la Enzo ni la kufuatwa, lakini lifuatwe vizuri: wakati ule 404 lilikuwa gari jipya la kawaida, lenye spea kila mahali. Leo 404 ni gari la kale kama la kwako. Ukinunua 504 la kwendea kazini mwaka huu, umejiongezea mgonjwa wa pili, na siku yote mawili yakilala utapanda matatu ukiwa na funguo mbili mfukoni.

Kuna mtu mashuhuri anayepinga shauri langu lote. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban aliyebuni McLaren F1, ametumia Alpine A110, gari dogo la spoti la Kifaransa, kwa safari zake za kila siku. Anaishi Uingereza, barabara zake ni za lami, na uhandisi wa magari ndio kazi yake. Kama na wewe una hayo yote matatu, fuata mfano wake.

Liweze kuliokoa lile jingine

Hili husahaulika kabisa wakati wa kununua. Gari la kila siku ndilo litakalokwenda kulichukua gari la zamani likikwama, kwa hiyo fikiria mambo mawili: umeme na kuvuta.

Kwenye umeme, kuwa mwangalifu sana kama gari lako ni la Kiingereza la zamani. MGB za kwanza, zilizotengenezwa tangu 1962 hadi 1967, zilifungwa umeme kinyume na magari ya leo: upande wa chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi. Gari lako la kila siku lina hasi kwenye bodi. Ukiyaegesha karibu hadi bampa zikagusana, kisha ukaunganisha nyaya za kujampia, umeme utapita kwenye bodi zenyewe na unaweza kuunguza nyaya au kulipua betri. Kwa hiyo magari yasigusane kamwe, na nyaya ziunganishwe kwa kusoma alama za kwenye betri: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Usifuate mazoea ya kusema “nyeusi inakwenda kwenye bodi.” MGB hizo pia zina betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, ukichomeka kwenye moja tu umekosea. Kusema kweli, njia salama zaidi ni kuwa na chaja ya ukutani nyumbani na kuacha kujampia kwa siku ya dharura.

Kuhusu kuvuta, MGB au 240Z lina uzito wa karibu tani moja. Ukiliweka kwenye trela, na trela yenyewe ina mamia ya kilo, unavuta zaidi ya tani moja na nusu. Probox haikutengenezwa kwa kazi hiyo, usijaribu. Kama unapeleka gari lako kwenye mashindano au maonyesho mbali na mji, au unaishi Naivasha na fundi wako yuko Nairobi, basi pikapu ya dizeli kama Hilux inastahili gharama yake. Hilux nyingi za dizeli huruhusiwa kuvuta trela yenye breki ya zaidi ya tani mbili, ila kiwango hutofautiana kwa toleo, kwa hiyo soma kitabu cha gari lenyewe. Hakikisha leseni na bima yako vinaruhusu trela, na trela iwe na breki zake. Kama unavuta mara moja kwa mwaka, usinunue pikapu kwa sababu hiyo. Mwite mwenye lori la kubebea magari, mlipe, na mwaka mzima endesha kitu kidogo kisichonywa mafuta.

Umri, kodi na pesa

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania huruhusu makuukuu zaidi lakini huyatoza kodi ya ziada. Kwa mwenye gari la kale, sheria hizo zina faida iliyojificha: zinakulazimisha au kukushawishi uwe na kitu chenye umri wa wastani, na hicho ndicho unachohitaji. Gari jipya kabisa ni pesa nyingi zinazopungua thamani mbele ya macho yako, pesa ambazo zingepaka rangi lile jingine. Lenye umri wa miaka 6 hadi 10, lililotunzwa na mtu mmoja, linatosha.

Upange matumizi ya magari haya mawili kwa mifuko tofauti. La kila siku liwe na pesa yake ya mafuta, oili, tairi na breki, na isiguswe. Nimeona watu wanaoahirisha kubadilisha oili ya gari la kazi miezi na miezi kwa sababu karibureta mbili za SU zimepatikana kwa bei nzuri. Kisha gari la kazi linakufa, na kulifufua kunagharimu kuliko karibureta hizo.

Bima nazo zitofautishe. Kwa la kila siku, bima ya kawaida inatosha. Kwa la zamani, omba tathmini ya mtaalamu na picha, na mkubaliane thamani kwa maandishi kabla ya kulipa. Usipofanya hivyo, siku ya ajali unaweza kuambiwa gari lako la 1972 limechakaa na thamani yake ni ya vyuma chakavu. Ukiongea na bima, waeleze kwamba una gari jingine la matumizi ya kila siku na hili hutembea kilomita chache kwa mwaka. Ni jambo la kukusaidia kwenye majadiliano ya bei.

Lile la zamani lisiozee ndani

Ukipata gari la kila siku linalofanya kazi vizuri, hatari mpya inaanza: lile la spoti litasahaulika chini ya turubai. Gari lisilotembea huharibika kwa namna yake. Petroli hupoteza ubora baada ya miezi michache na kuacha utando kwenye karibureta. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, kutu inaanza ndani ya silinda, na breki zinashika. Betri inakufa.

Liwashe na ulitoe nje angalau mara moja kila wiki mbili, uende nalo dakika 30 au zaidi barabara ikiwa wazi, mpaka injini na gia boksi vyote vipate joto kamili. Jumapili saa moja asubuhi inafaa. Kuliwasha na kuliacha likiunguruma dakika tano pale uani ni kulidhuru: injini haipati joto la kukausha unyevu, na maji yanabaki ndani ya oili na ekzosi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hujafikisha kilomita elfu moja. Na tazama namba nne za tarehe kwenye ubavu wa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2212 lilitengenezwa wiki ya 22 ya 2012. Hata kama meno yake yanaonekana mapya, mpira umezeeka na halifai kwa mwendo wa kasi.

Kwenye Pwani ongeza jambo moja. Hewa ya chumvi ya Mombasa au Zanzibar hula bati, na magari ya kale yalikuwa na kinga ndogo sana ya kutu. Penye nafasi moja tu ya kivuli, apewe mzee. Gari la kila siku lilale nje, kwa hiyo lichague jeupe au la rangi ya fedha, na usihuzunike likipauka.

Dakika kumi za kwanza

Kuhama kutoka gari moja hadi jingine kuna hatari yake, na wauzaji hawaizungumzii. Wiki nzima mguu wako umezoea breki zenye msaada na kinga ya magurudumu kujifunga. Jumapili unaingia kwenye MGB ya zamani ambayo pedali yake inataka ukanyage kweli kweli, na magurudumu yakijifunga hakuna kompyuta ya kuyaachia. Kabla ya kuingia barabara kubwa, jaribu breki mara kadhaa kwenye barabara tulivu ya mtaani, kisha acha nafasi mara mbili ya ile unayoacha siku za kazi. Matatu zitajaza hiyo nafasi. Acha nyingine.

Mikono nayo husahau. Katika magari mengi ya Kijapani ya usukani wa kulia, indiketa iko kulia. Katika mengi ya Ulaya iko kushoto. Utajikuta unapiga waipa juani ukidhani unaonyesha kwamba unakata kona, na dereva wa nyuma hana habari. Watoto wadogo, hasa, wasafiri kwenye gari la kila siku. 240Z lina viti viwili tu, halina mifuko ya hewa, na hakuna pa kufunga kiti cha mtoto kama inavyotakiwa. Hapo hakuna mjadala.

Kama bado hujanunua lolote kati ya mawili haya, nunua la kila siku kwanza, litumie miezi sita, uone gharama zake halisi, ndipo utafute la spoti kwa pesa uliyojua inabaki. Na kama la spoti tayari unalo, siku ya kwenda yadi chukua futi ya kupimia na gurudumu lake la akiba. Fungua buti la gari unaloonyeshwa, uliingize gurudumu, kisha ukae kiti cha nyuma uone kama magoti yanapata nafasi. Likikataa, mshukuru muuzaji na uende yadi inayofuata; Probox hazijawahi kuadimika.